Hajambo Mara Mia Mbili na Kumi na Moja

Mastura binti Faki aliandika neno "hajambo" mara mia mbili na kumi na moja katika daftari la kituo cha wazazi cha Likoni, na mara zote aliliandika kwa mwandiko wa kupendeza. Mwandiko huo ndio uliompa kazi. Daktari wa kituo, Mzungu mwanamke mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alimchukua siku ile ile alipoiona barua yake ya kuomba kazi, wala hakumwuliza swali la pili.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wanawake wengi wa Likoni wakati ule walizalia majumbani, mikononi mwa wakunga wale wale waliowazalisha mama zao, na Daktari alitaka kila mtoto aandikwe, wa kituoni na wa nyumbani. Basi Mastura alivaa buibui lake, akatia daftari kwapani, akapita mlango kwa mlango kutoka kivukoni mpaka Mtongwe. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Za mama, njema. Na mtoto hajambo? Hajambo, alhamdulillahi. Akaandika tarehe, jina la mama, jina la baba, mtoto wa kiume au wa kike, na kwenye safu ya mwisho, palipotakiwa hali ya mtoto, akaandika hajambo. Akaaga, akaenda mlango wa pili.

Haikumpitia akilini hata siku moja kuomba kumwona mtoto. Nani angefanya utovu wa adabu kama huo? Mtoto mchanga haanikwi ukumbini akatazamwa na kila apitaye. Yumo chumbani na mamake, kafungwa nguo gubigubi, mpaka arubaini itimie, na hata ikitimia hatolewi hivi hivi tu, maana macho ya watu yana mambo. Na sisi wa Pwani tunajijua. Ukimkuta mtu kitandani, homa imempanda mpaka meno yanagongana, ukamwuliza hujambo, atakwambia sijambo. Habari za homa zinakuja baadaye, mkishaketi, ikiwa mtaketi. Mastura hakuwa akiketi. Alikuwa na nyumba nyingine tisa za kumaliza kabla ya adhuhuri.

Alasiri akirudi kituoni alinakili yote kwenye karatasi kubwa za Daktari zilizoandikwa kwa Kiingereza, na pale "hajambo" iligeuka ikawa neno la kigeni lenye maana ya mtoto kamili, asiye na kasoro yoyote. Ndivyo Likoni nzima ilivyokuwa na watoto kamili watupu, kwenye karatasi.

Barua ilimfikia Daktari kutoka Ulaya Januari ya mwaka wa sitini na mbili, joto la kaskazi likiwa limewakaba watu shingoni. Mastura alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yake ya kwanza. Daktari alimwita ofisini akamwuliza, katika daftari lake, ni watoto wangapi waliozaliwa na kasoro ya mikono au ya miguu. Mastura akapekua kurasa, akapitisha kidole kwenye safu ya mwisho toka juu mpaka chini, akajibu kwamba hakuna hata mmoja. Daktari akashusha pumzi, akachukua kalamu.

Mastura akauliza barua ilitaka nini. Daktari akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Ulaya kumezaliwa watoto wenye mikono mifupi, wengine vidole pungufu, wengine hawana mikono kabisa. Madaktari wa huko wanashuku dawa moja waliyopewa mama zao walipokuwa waja wazito, dawa ya kutuliza kichefuchefu. Akageuka, akatoa mkebe kabatini, akautikisa kidogo. Ni hii, akasema, lakini hapa kwetu haijamdhuru mtu, daftari lako linaonyesha. Angeijibu barua hivyo, na dawa ingeendelea kutolewa.

Mastura aliujua mkebe ule. Mwezi wake wa pili, alipokuwa hata maji hayakai tumboni, alivimeza vile vidonge vyeupe majuma matatu mfululizo, na vikamfaa. Alikuwa amevisifu kwa wenziwe.

Mwanzo alifarijika. Watoto mia mbili na kumi na moja, na wote hawajambo. Akaenda kuketi mezani pake, akalifungua daftari ili alione lile neno tena limtulize moyo. Akaliona, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Alijaribu kukumbuka sura ya mtoto mmoja, mmoja tu, kati ya wale waliozaliwa majumbani, akakuta hajamwona hata mmoja. Ukiwatoa wale kumi na wanane wa kituoni, alichokuwa nacho kwenye daftari ni salamu tupu, salamu mia moja na tisini na tatu. Mtoto akapiga teke tumboni, na Mastura akashika ukingo wa meza.

Hakumwambia Daktari siku ile. Aliogopa kusema, na aliogopa zaidi kujua.

Orodha ya wanawake waliopewa vidonge ilikuwa kwa Sista Jael, mkunga wa kituo, mwenyeji wa Frere Town, mtu wa huruma nyingi na maneno machache. Mastura akaiazima kwa kisingizio cha kulinganisha majina. Kumi na saba kati yao walikuwa wamekwisha jifungua, wote majumbani. Wa kwanza alikuwa Mwanasaumu, mke wa Boga, na kesho yake asubuhi Mastura akabisha hodi kwake.

Mwanasaumu alimpokea vizuri, akamtandikia mkeka, akamletea maji. Mtoto wake wa miezi mitatu unusu alikuwa mapajani, kafungwa shuka mbili mpaka kidevuni kwa joto lile, na jasho linamchuruzika. Mastura akauliza kama mtoto hajambo. Hajambo, alhamdulillahi. Siku nyingine angeandika akaenda zake. Safari hii alibaki pale pale mkekani, akaomba ampakate. Mwanasaumu akasema mtoto ana usingizi. Mtoto alikuwa macho, anamtazama Mastura bila kupepesa.

"Mwanasaumu," Mastura akasema, "na mimi nilivimeza vile vidonge."

Mwanasaumu akalitazama tumbo la mgeni wake. Kisha akainuka, akaurudisha mlango, akaketi tena, akaanza kuzifungua shuka. Mikono yote miwili iliishia mahali ambapo kiwiko kingeanza, na kwenye ncha ya kila mmoja palikuwa na vidole vitatu vidogo, na kucha zake. Vilikuwa vinacheza. Mastura alijiuma mdomo asipige ukelele.

"Siku ile ulikuja ukaniuliza hajambo," Mwanasaumu akasema. "Nikakwambia hajambo. Ulitaka nikwambie nini, nawe umesimama mlangoni na kalamu mkononi?"

"Ungeniambia baada ya hapo."

"Hukuketi, dada."

Mwanasaumu hakuwa amesikia lolote kuhusu vidonge. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia kwamba yote yalitokana na kupita makaburini saa ya magharibi, naye alikuwa ameyakubali, maana kweli alipita. Mastura alipomweleza habari za barua, Mwanasaumu alilia, na haikujulikana kama analia kwa uchungu ama kwa kutuliwa mzigo. Aliuliza swali moja tu, kama vidonge vile bado vinatolewa. Mastura hakuweza kumwangalia usoni alipojibu kwamba ndiyo, Sista Jael huwapa wawili watatu kila juma.

Akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Alijifunza kuketi. Alijifunza kusema kwanza habari zake mwenyewe ndipo aulize za wenzake, na milango ilirudishwa, na nguo zikafunguliwa. Watoto wengi walikuwa wazima kabisa, na kila alipomwona mzima alijawa na furaha, akawa kama kapewa mwanawe. Halafu nyumba inayofuata angekuta mguu uliopinda bila unyayo, ama kiganja kinachotokea begani, na furaha yote ingemtoka.

Kwa Kafedha ndiko kulikomvunja. Kafedha na mumewe Ngala walikuwa wametoka Kaloleni, wakaja kulima upande wa Mtongwe. Daftarini, mtoto wao alikuwa hajambo. Kumbe siku Mastura alipopita, mtoto alikuwa na siku kumi na moja kaburini. Yeye alisimama mlangoni akauliza hamjambo, bibi mmoja mzee akamjibu hatujambo, akaandika. Kafedha hakutaka kusema mtoto alikuwaje. Alisema tu kwamba walimzika upesi, na kwamba hakulia.

Habari za matembezi yale zilimfikia Bi Dhahabu, mama mkwe wake Mastura. Tuseme kweli, Bi Dhahabu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkaza mwana wake, alimkanda miguu ilipovimba, na mjukuu yule alikuwa akimngoja kwa hamu kuliko wote. Ndiyo sababu hofu yake ilikuwa kali. Mja mzito hatazami kilema. Kila mtu Likoni alilijua hilo, hata waliosema hawaliamini. Mtoto tumboni huchukua kile anachokitazama mamake, na Mastura alikuwa akizunguka majumba kwa miguu yake mwenyewe, anafunguliwa nguo ili atazame.

"Ukizaa aliye pungufu usinambie habari za vidonge," Bi Dhahabu akamwambia. "Itakuwa ni hayo macho yako, wallahi."

Mwidani, mumewe, aliyekuwa akivuka kila alfajiri kwenda kazini kwenye matangi ya mafuta Changamwe, alimwomba kwa upole aiweke kazi ile kando mpaka ajifungue. Ni miezi mitatu tu, alisema, daftari halina miguu, halitakimbia. Mastura alipiga hesabu ya miezi mitatu. Wanawake wawili watatu kila juma. Hakulala vizuri tangu hapo.

Je, aliamini maneno ya Bi Dhahabu? Mchana hakuyaamini. Lakini hofu haingoji mtu aamini. Nyumba iliyofuata alifanya jambo la aibu: mama alipofungua nguo, Mastura alifumba jicho moja na lingine akalikunja, akamtazama mtoto kwa mbali kama mtu anayetazama jua. Alipotoka akaandika "mkono mbovu". Akafika njia panda akasimama. Mkono upi? Ubovu gani? Alikuwa ameandika hajambo nyingine, kwa maneno tofauti. Akarudi, akabisha hodi tena, akaomba radhi, akatazama kwa macho yote mawili. Mkono wa kulia. Kidole gumba hakuna, vingine vinne vipo. Akaandika hivyo huku mkono wake mwingine umeshika tumbo, unalifunika, kama kwamba tumbo lina macho.

Juma moja kabla ya Ramadhani alimaliza. Kati ya wale kumi na saba, watano walikuwa na kasoro za mikono au miguu, na wa sita yumo kaburini na siri yake. Akaipeleka karatasi kwa Daktari.

Daktari aliisoma, akarudia, kisha uso ukamgeuka rangi. Akauliza kwa nini basi daftari lilisema wote ni wazima. Mastura akajaribu kumweleza kwamba ile hajambo ilikuwa salamu, na kwamba mtu wa hapa huanza na njema hata kama ana msiba ndani, na kwamba kosa ni lake yeye aliyeiandika salamu kama habari. Daktari alimtazama kana kwamba amekiri wizi. Lakini aliinuka akaufungia mkebe kwenye sanduku la chuma, ufunguo akautia mfukoni, akamwita Sista Jael akamkataza asitoe hata kidonge kimoja. Halafu akaketi kuandika barua nyingine.

Alipomaliza akainua kichwa, akamwuliza Mastura alivimeza lini. Mastura akataja mwezi, akataja majuma. Daktari akahesabu kwa vidole chini ya meza, akidhani haonekani. Mastura akamwomba amwambie.

"Labda," Daktari akasema. "Sijui. Labda."

Mastura aliifunga Ramadhani nzima na labda ile. Aliamka nayo kula daku, akafuturu nayo. Kila mtoto alipocheza tumboni alijaribu kupambanua kwa ndani, huu ni mguu, huu ni mkono, ni mkono wa urefu gani. Sikukuu ikapita. Mvua za masika zikaanza.

Uchungu ulimshika mapema asubuhi, siku ya Jumatatu, na kabla ya saa nne mtoto alikuwa amezaliwa pale pale kituoni, mikononi mwa Sista Jael, mvua inapiga bati kwa kelele. Mastura alimsikia mtoto akilia. Akasikia maji, akasikia nguo zikikunjuliwa. Bi Dhahabu alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, mtandio umemfunika nusu ya uso.

Sista Jael akaja na mtoto aliyefungwa mpaka kidevuni. "Umepata mtoto wa kike," akasema. "Hajambo."

Neno lile ndilo ambalo kila mama huzaa kwa ajili ya kulisikia. Mastura alilisikia na likapita bila kumgusa, maana yeye, kuliko mtu yeyote Likoni, alijua halina kitu ndani yake. Akamwambia Jael amfungue. Jael akasema apumzike kwanza, ametoka jasho jingi, kutakuwa na wakati.

"Sista, mimi neno hilo usinipe," Mastura akasema. "Nifungulie mwanangu."

Jael hakusogea. Basi Mastura akajiinua kwa kiwiko, akamchukua, akafungua mwenyewe. Miguu miwili, mizima, nyayo zimejikunja. Mkono wa kulia mzima. Alijaribu kuishia hapo, asifungue tena, na kwa muda kidogo aliishia hapo kweli. Kisha akaivuta nguo. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi, nusu ya mwenzake, umejikunja kwenye kiwiko, na mahali pa kidole gumba palikuwa laini hapana kitu.

Alilia kimya kimya, hofu ya miezi yote ile inamtoka kwa maji ya macho, na mahali pake hapakuja utulivu, palikuja uchungu mtupu. Mtoto alikuwa mzuri. Alikuwa na nywele nyingi na mdomo wa Mwidani. Mastura akambusu paji la uso, akambusu mkono wa kulia, akambusu na wa kushoto. Halafu akaliomba daftari.

Jael akalileta polepole. Jina la Mastura lilikuwa limekwisha andikwa, tarehe ya leo, jina la Mwidani, mtoto wa kike, na kwenye safu ya mwisho, kwa mwandiko wa Jael, hajambo. Jael alikuwa ameinamisha kichwa. Yeye aliyekuwa akivitoa vidonge kwa mikono yake, aliyejua yote kuliko wote, huruma ilikuwa imemshinda.

Bi Dhahabu akazungumza kutoka mlangoni. Sauti yake haikuwa ya kulaumu. "Liwache likae hivyo hivyo, mwanangu. Mtoto wa kike huyu. Kesho atakuja kuposwa, na kitabu hicho kitakuwapo. Nani ataumia likikaa?"

Mastura aliogopa. Aliogopa kuliko alivyoogopa kwa Mwanasaumu, kwa sababu sasa ilikuwa ni jina lake na jina la mwanawe, na wino haufutiki. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Nyumba kumi na saba nimewaambia watu wanifungulie watoto wao," akasema. "Wangu nimfunge?"

Akampakata mtoto upande mmoja, akaliweka daftari kwenye goti, akaikata ile hajambo kwa mstari mmoja ulionyooka. Akaanza kuandika juu yake, akijisomea kila neno kwa sauti ili lisimponyoke, kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani. Mkono wa kushoto mfupi. Kidole gumba hakuna. Vidole vitatu. Machozi yalikuwa yamemjaa, mistari inamchezea mbele ya macho.

Kiti kikalia. Bi Dhahabu, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemtazama mjukuu wake, akaja mpaka kitandani, akaushusha mtandio, akainama. Akaushika ule mkono mfupi katikati ya vidole vyake vizee, akaufungua taratibu, akagusa kidole kimoja kimoja.

"Vinne," akasema. "Kimoja kimejikunja ndani. Hebu tazama vyema, mwanangu, usimpunguzie."

Mastura akajifuta macho kwa kanga, akatazama, akahesabu pamoja naye. Vilikuwa vinne. Akaikata ile tatu, akaandika nne.